Neno Aliloliacha Iballut, Mwaguzi wa Sippar

Kwa jina la Shamash, mwamuzi wa mbingu na ardhi, apitaye kila siku juu ya mambo yote na asifichwe jambo, na kwa jina la Adad, bwana wa maombi na maaguzi, na kwa heshima ya Aya, mkewe Shamash, bibi wa hekalu la Nyumba Nyeupe, tumesimama mbele ya shimo hili lililochimbwa chini ya sakafu ya chumba cha ndani, tueleze mwenzetu alikotoka na alikopita, kabla hatujamkabidhi kwa wazee waliomtangulia. Asili ya kazi yake ni asili ya jiji hili, kwa maana ilikuwa hapa Sippar, kabla ya gharika, ambapo miungu ilimketisha mfalme wa kale juu ya kiti, ikamfundisha kutazama mafuta juu ya maji na kulisoma ini la kondoo, naye akawafundisha watu, baba akamrithisha mwana, mpaka elimu hiyo ikaifikia nyumba hii.

Ndugu waombolezaji, marehemu Iballut alizaliwa siku ya saba ya mwezi wa Ayaru, katika mwaka ulioitwa Mwaka wa Kuchimbwa Mfereji wa Mashariki, humu humu katika mtaa wa Wafinyanzi, akiwa mtoto wa tatu kuzaliwa na wa kwanza kupona wa mzee Nur-ilishu, mwaguzi wa hekalu, na mkewe Ahatum, na kwa kuwa waliomtangulia walizikwa kabla ya kuota meno, wazazi wake walimwita Iballut, yaani Ataishi. Miaka miwili baadaye alifuatiwa na mdogo wake, Shumum-libshi, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya kwa niaba ya familia, na ambaye atajitaja humu kama anavyotajwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu marehemu aliagiza hivyo.

Kuhusu elimu, marehemu aliingia Nyumba ya Vibao akiwa na umri wa miaka saba, mwezi wa Nisannu, katika Mwaka wa Kuinuliwa Ukuta, akajifunza kukanda udongo, kuchonga kalamu ya tete, na kuandika orodha za samaki, mawe na miti, na jioni baba yake alimketisha uani na kumpa maini ya udongo yaliyochorwa mistari, ayapapase akiwa amefumba macho, ataje sehemu za ini, Kituo kiko wapi, Njia iko wapi, Lango la Ikulu liko wapi, na Kidole kimeelekea upande gani. Mzee Nur-ilishu alikuwa mkali, na wengi wenu mnakumbuka usemi wake, "Jicho huona, lakini kidole gumba hakidanganyiki," usemi ambao mwanawe aliushika kuliko ilivyompasa, kama mtakavyosikia.

Wote hapa mnaijua sheria ya waaguzi, kwamba anayesimama mbele ya Shamash hana budi kuwa uzao wa mwaguzi na mwili usio na dosari, asiwe na jino lililovunjika, wala kidole kilichopungua, wala jicho lenye makengeza au ukungu, na kwamba wazee humkagua kila mwanafunzi uani, wakimhesabu vidole kama mtu ahesabuye mayai sokoni. Katika Mwaka wa Tarumbeta za Shaba, mwezi wa Tashritu, wakati wa kuangua tende, ndugu hao wawili walikuwa shambani kwa mjomba wao, Iballut akiwa chini ameshika kamba, mdogo wake juu ya mtende na mundu mkononi, kamba ikamponyoka Iballut, mundu ukateleza, ukakata ncha ya kidole kidogo cha mdogo wake. Baba yao alikitazama kidole kile kwa muda mrefu, hakumpiga mtu, akasema tu, "Haya, huyu sasa ni wa kalamu," na tangu siku hiyo Shumum-libshi hakuruhusiwa kugusa ini la kondoo, akawa mwandishi wa maombi. Aliyelia siku tatu mfululizo hakuwa aliyekatwa, bali aliyeiachia kamba, na hapo ndipo Iballut alipojifunza, akiwa na miaka kumi na mitatu, kwamba kipande cha nyama kisichozidi punje ya dengu chaweza kumfunga mtu nje ya lango maisha yake yote.

Marehemu alikaguliwa, akaonekana mzima, akakabidhiwa vazi na kikombe cha mwerezi siku ya pili ya mwezi wa Simanu, Mwaka wa Kiti cha Enzi cha Shamash, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, akatumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Aliwasomea wafanyabiashara wanaokwenda Ashur na wanawake waliokawia kujifungua, aliwasomea wagonjwa, na hakumdharau mtu kwa udogo wa swali lake, hata yule muuza vitunguu aliyeleta njiwa badala ya kondoo, akitaka kujua ni jirani yupi anayemwibia bia, naye Iballut akamjibu kwa uso mkavu, "Ndugu yangu, miungu imeniambia ufunge mtungi wako." Watu walicheka mtaa mzima, na mwenye mtungi alicheka kuwashinda wote.

Alifunga ndoa siku ya kumi ya mwezi wa Addaru, katika Mwaka wa Mavuno Mawili, na Rishatum, binti wa mkamua ufuta wa lango la mto, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mpana, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akafariki angali mchanga, wa pili ni Hunabatum, aliyeolewa Kish na aliyepo nasi leo, na wa tatu ni Etirum, aliyeirithi kazi, mwenye meno kamili, vidole kamili na macho ya kipanga, ambaye baba yake alipenda kumsogeza mbele ya wageni na kusema, "Mtazameni huyu, hana hata kovu la tetekuwanga."

Sasa tunafika mahali ambapo historia nyingine za marehemu hupita haraka, nasi tumekatazwa kupita haraka.

Katika mwaka wa hamsini wa umri wake, ukungu ulianza kutanda katika jicho lake la kulia, mwembamba mwanzoni kama mvuke juu ya supu, halafu mzito kama maziwa. Sheria ilimtaka aende langoni siku hiyo hiyo, aseme kwa kinywa chake, avue vazi, akae nyumbani ale mgao wa wazee, wala hapakuwa na aibu ndani yake, wengine wamefanya hivyo na tunawaheshimu. Iballut hakwenda. Aliukumbuka usemi wa baba yake kuhusu kidole gumba, akaanza kusoma kwa kupapasa, na kwa miaka mitatu hakukosea, jambo lililompa kiburi pale lilipopaswa kumpa hofu. Mdogo wake alimwona akigeuza shingo kama kuku anayetafuta punje, akamuuliza faraghani, "Kaka, jicho lina nini?"

"Vumbi tu."

"Vumbi la miezi mitatu?"

"Shumum, ukilisema hili nimekwisha. Unajua wewe, kuliko mtu yeyote, maana ya kukwisha."

Shumum-libshi alijua, akanyamaza, akidhani kwamba kunyamaza ni kumpenda kaka yake.

Siku ya kumi na nane ya mwezi wa Shabatu, Mwaka wa Baridi ya Mitende, mjumbe wa ikulu alikuja na kondoo na swali, kwamba kikosi cha Sippar kiende kwenye visima kwa njia ya jangwani au kwa njia ya mto, na kwa desturi mwaguzi mmoja angetangulia mbele ya kikosi, na zamu ilikuwa ya Etirum. Asubuhi ile kulikuwa na barafu nyembamba juu ya maji ya kunawia, marehemu akanawa mara saba kama itakiwavyo, mpaka vidole vyake vikawa vyeupe. Kisha ikasomwa dua ya kuomba radhi, ambayo kila mwaguzi huisoma kabla ya kisu, akimtajia Shamash kasoro zote zinazoweza kuliharibu jibu, ili Shamash asizitazame. Marehemu alisema kwa sauti aliyojaliwa, "Usilitazame hili, kwamba kondoo huyu huenda ana dosari. Usilitazame hili, kwamba aliyemshika huenda amegusa najisi. Usilitazame hili, kwamba ulimi wangu huenda umeruka neno." Naye mwandishi, kama ilivyo desturi ya hekalu letu, akainua kalamu na kuuliza, "Kuna jingine?"

Mwandishi alikuwa mdogo wake. Wenzake wote walikuwa wamesimama pale, na mjumbe, na mwanawe. Kusema neno lile ilikuwa kuipata radhi na kulipoteza vazi kwa pumzi moja.

"Hakuna jingine," akasema Iballut.

Mwandishi akauliza mara ya pili, kama itakiwavyo, kisha mara ya tatu, na jibu likawa lile lile, na mwandishi akaandika Hakuna.

Kondoo akachinjwa, ini likatolewa likiwa la moto, marehemu akalipokea katika viganja vilivyokufa ganzi, akapitisha kidole gumba, akasema Kituo kipo, Njia ni nzima, Lango la Ikulu li wazi, kikosi kiende kwa njia ya jangwani. Ndipo Etirum, aliyekuwa ubavuni pake, alipoinama na kusema kwa upole, "Baba, na hiki kishimo hapa, upande wa kulia wa Njia?"

Ninyi mnajua kwamba upande wa kulia ni wetu na wa kushoto ni wa adui, na kwamba kishimo upande wa kulia wa Njia ni kifo cha walio safarini. Ili kukiona, marehemu angelazimika kulileta ini mpaka puani, mbele ya watu wote. Badala yake alicheka.

"Mwanangu, ota mvi kwanza, ndipo unionyeshe vishimo. Hiyo ni alama ya ukucha wa mchinjaji."

Waliokuwepo wakacheka pia, mchinjaji akasema, "Leo nimekuwa mwandishi wa miungu!" na Etirum akainamisha kichwa akajibu, "Haya, baba, nimenyamaza." Desturi inataka kondoo wa pili wa kuhakikisha, lakini mjumbe alikuwa na haraka, na marehemu, mwenye haki ya kumzuia, hakumzuia. Etirum, kama mwanafunzi mwaminifu, alifinyanga ini la udongo la siku hiyo kwa ajili ya Nyumba ya Vibao, akaliweka rafuni kwa baba yake lipate kukauka, akajifunga viatu, akatangulia mbele ya kikosi.

Siku ya nne ya mwezi wa Addaru alirudi mtu mmoja, bila viatu, akasema kwamba watu wa nyikani walikuwa wamekaa kwenye visima wakiwangoja, na kwamba wana wa Sippar arobaini na mmoja, mwaguzi wao akiwa wa kwanza kati yao, wamelala huko bila kufukiwa. Marehemu hakulia, aliingia chumbani, akalishusha lile ini la udongo kutoka rafuni, akaketi nalo mapajani karibu na moto, na vidole vyake vilipopata joto akapitisha kidole gumba juu ya Njia, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia. Kishimo kilikuwepo. Kijana alikuwa amekifinyanga kama alivyokiona, bila kubishana, bila kuongeza, bila kupunguza. Rishatum, aliyekuwa mlangoni, alisema kwamba alimsikia mumewe akitoa sauti moja tu, kama ya mtu aliyekanyaga mwiba.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakutuonya kwamba kifo hicho huenda kikawa cha mwanawe.

Kesho yake marehemu alikwenda langoni, akasema mbele ya wazee na mbele ya watu, akavua vazi kwa mkono wake, akalikabidhi pamoja na kikombe. Wazee walimuuliza kama kuna mtu mwingine aliyejua, naye akajibu kwamba hakuna, na hilo lilikuwa neno lake la pili la uongo mbele ya Shamash, alilolisema kwa ajili ya mdogo wake, na mdogo wake analirekebisha leo mbele yenu, yuko aliyejua, ndiye huyu anayesoma.

Rishatum alifariki siku ya ishirini ya mwezi wa Abu mwaka uliofuata, homa ikiwa ndiyo iliyotajwa, na ukungu ukalifunika jicho la pili la mumewe kabla ya mavuno. Mnajua kwamba asiyezikwa hana sakafu ya kumwagiwa maji, roho yake hutangatanga ikiramba mabaki ya vyungu, isipokuwa jina lake liitwe. Kwa hiyo Iballut, kipofu, akiongozwa na fimbo na ukuta, alianza kwenda mlango kwa mlango, kuomba majina ya wale arobaini na mmoja na majina ya baba zao, apate kuyaita kila mwezi, siku ambayo mwandamo haujaonekana. Milango mingine ilifunguliwa. Mingine ilimwagiwa maji machafu kizingitini. Mjane Naramtum, wa mtaa wa Wasusi, aliyempoteza mume huko visimani, alimsimamisha mbele ya majirani akampigia kelele, "Umekuja kusoma ini langu na mimi? Njoo, papasa! Utakuta shimo hata kwa vidole vya baridi!"

"Nimekuja kuuliza jina lake tu, mama."

"Jina lake ulikuwa nalo ulipomtuma! Ondoka hapa, mzee, kabla sijakumwagia uji."

Akaondoka, akarudi mwezi uliofuata, akafukuzwa, akarudi, na kwa miaka sita aliita majina arobaini na, pale jina la arobaini na moja lilipostahili kuwa, alimimina maji na kusema tu, "Na mume wa Naramtum."

Ugonjwa wake ulianza mwezi wa Kislimu uliopita, kifua kikambana, miguu ikavimba, tabibu akampa majani ya mkwaju wa mtoni na bia ya moto, akapata nafuu, akaanguka tena. Siku tisa kabla ya kufa alimwita mdogo wake, akamshika mkono, akakitafuta kile kidole kilichokatwa, akakishika muda mrefu.

"Shumum."

"Naam, kaka."

"Sina mtoto wa kiume wa kuniita. Hunabatum ana wazee wa mumewe huko Kish wa kuwaita. Nani ataniita?"

"Mimi nipo."

"Wewe una miaka mingapi ya kuishi, mzee mwenzangu, miwili?" Akacheka, kikohozi kikamkata. "Sikiliza. Wasomee yote. Usiniremberembe kama maiti ya tajiri. Wakishajua, atakayeniita ataniita, na asiyetaka asitake. Jina lililoitwa kwa uongo ni maji juu ya jiwe."

Hilo ndilo alilolihofia mwisho wa uhai wake, si shimo hili, si giza, maana giza alikuwa amelizoea, bali kuingia chini bila mtu hata mmoja juu mwenye kulitamka jina lake akijua alichokifanya. Marehemu Iballut alifariki jana, siku ya kumi na moja ya mwezi wa Tebetu, jua likichomoza, akiwa na umri wa miaka sitini na miezi minane, katika nyumba aliyozaliwa, na lile ini la udongo likiwa chini ya mkono wake wa kulia, nalo tunalizika pamoja naye.

Jana hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, mtu aliweka mtungi wa maji kizingitini pa nyumba hii, maji masafi, umefunikwa kwa kitambaa, na Hunabatum, aliyekuwa akifagia, alimwona aliyeuleta akipinda kona kuelekea mtaa wa Wasusi. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kipande cha udongo kibichi, kimeandikwa kwa mkono wa mwandishi wa kulipwa sokoni, majina mawili, Belanum, mwana wa Sin-eribam. Hatutamwuliza zaidi. Jina la arobaini na moja litaitwa mwezi huu, na maji yatakayomiminwa leo ni ya mtungi huo.

Familia inamshukuru tabibu wa lango la mto, aliyekuja bila kuhesabu safari, majirani wa mtaa wa Wafinyanzi, waliomletea mkate wa shayiri na tende alipokosa mpishi, waaguzi wenzake, ambao baadhi yao walikuwa na sababu ya kutokuja na wamekuja, wakuu wa Nyumba ya Vibao, waliotoa mkeka, na wale wote waliofungua mlango, na pia wale waliofunga, kwa maana nao walikuwa na haki.

Na sasa, kabla ya udongo, mwandishi anamaliza kazi aliyoiacha nusu katika Mwaka wa Baridi ya Mitende. Ewe Shamash, bwana wa hukumu, usilitazame hili, kwamba mwili huu umekuja kwako bila vazi. Usilitazame hili, kwamba umeoshwa kwa mkono uliopungua kidole. Kuna jingine? Liko. Usilitazame hili, kwamba jicho la aliyetazama lilikuwa na ukungu, naye hakusema. Kuna jingine? Liko. Usilitazame hili, kwamba mwandishi alijua, akauliza mara tatu, akaandika Hakuna. Kuna jingine? Hakuna jingine.

Iballut, mwana wa Nur-ilishu, baba yake Etirum. Pumzika kwa amani.

Nanyi mliosimama mkasikiliza mpaka mwisho, Shamash ayalinde macho yenu, Adad ayanyeshee mashamba yenu, Aya awaombee kwa mumewe, na siku yenu itakapofika, msikose sakafu juu yenu, wala maji, wala mtu wa kuwaita kwa majina yenu, anayewajua.